Nishani Niliyomtunzia Mpwa

Watu wa serikali walipopanda Towero kuniambia kwamba mifupa ya Vuyani itafukuliwa irudishwe kwao Afrika Kusini, nilikuwa nafunga karoti mafungu. Sikuinuka. Niliwaonyesha gogo wakae wasubiri nimalize, maana gari la kuteremsha mboga halimngoji mtu. Mmoja wao, kijana mwenye miwani, alitabasamu kwa adabu kama mtu aliyeonywa njiani kwamba bibi huyu ana mdomo.

Kweli ninao. Lakini siku hiyo uliniisha. Nilifunga fungu moja mara tatu na kila mara likafunguka.

"Bibi Modesta," akasema yule kijana, "tumeambiwa wewe ndiye umekuwa ukilitunza kaburi lake miaka yote hii."

"Nani mwingine angelitunza? Wewe ulikuwa hujazaliwa."

Wakacheka. Wakanieleza kwamba makaratasi ya zamani ya kambi yamepatikana, na sasa inajulikana kuwa yule aliyezikwa Mazimbu kwa jina la Zola jina lake halisi lilikuwa Vuyani. Nikawaambia mimi hilo nalijua tangu mwaka themanini na tatu, wangeniuliza. Kisha nikauliza swali moja tu, ndilo lililokuwa limenikaa rohoni miaka karibu arobaini: katika familia yake, anakuja nani?

Kijana akafungua simu yake. "Anakuja bwana mmoja anaitwa Luthando. Ni mtoto wa dada wa marehemu Vuyani."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Niliingia ndani, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikavuta sanduku la bati, na chini ya kitenge cha mama yangu nikaikuta nishani palepale nilipoiweka. Nikaisugua kwa majivu na ndimu mpaka ikang'aa. Mpwa wake alikuwa anakuja, na mimi ningetua mzigo nilioubeba tangu ujana.

Huyu Vuyani alifika Mazimbu mwaka 1982. Wakati huo Waafrika Kusini waliowakimbia makaburu walikuwa wamepewa ardhi pale, wakajenga shule na karakana na zahanati. Sisi wa milimani tuliwapelekea mboga. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, sina mume, nina mtoto mmoja mgongoni, ndiye huyu Raphael, na tenga la kabichi kichwani. Vuyani alitoka Angola vitani akiwa na mguu wa kushoto usiokunjika, wakampa kazi ya karakana. Aliipokea kabichi yangu ya kwanza, akaipima mkononi, akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "Dada, hii ngumu kama kichwa cha kaburu." Nikamjibu kwamba kichwa cha kaburu hakiliwi na hii inaliwa, alipe heshima. Tangu siku hiyo tukawa ndugu. Sitaki watu wanielewe vibaya: ndugu. Kaka yangu wa kuzaliwa, Dominiko, alikuwa mtu wa maneno matatu kwa siku. Vuyani ndiye niliyecheka naye.

Alikuja na maganda ya mzinga kutoka vitani. Aliyabebaje sijui, mtu mwenye mashati mawili. Aliyakata, akayanyoosha, akatengeneza nishani za shaba, kubwa kidogo kuliko kifuniko cha soda. Upande mmoja alichonga safu ya Uluguru kama unavyoiona ukisimama Mazimbu, na hakukosea hata kilele kimoja. Upande wa pili mikono miwili imeshika mpini mmoja wa jembe. Chini yake neno moja: ASANTENI. Kila nyumba ya mlimani iliyowapelekea chakula aliipa moja. Alipanda mwenyewe kwa mguu ule mbovu, nyumba kwa nyumba, akiwavisha wazee vifuani na kuwapigia saluti ya kijeshi.

Baba yangu aliibana yake kwenye koti la Jumapili. Padre akamuuliza mlangoni mwa kanisa, "Mzee, wewe ulipigana vita gani?" Baba akajibu, "Vita vya kabichi, Padre." Kanisa zima lilicheka. Lakini mwaka huohuo uvumi ulipoenea kwamba ndege za makaburu zitakuja kulipua kambi, kama zilivyokwisha kulipua kwingine, wanunuzi wa mjini wakaanza kuikwepa njia ya Mazimbu. Watu wa kwetu hawakuacha kuteremka hata siku moja. Baba alisema mtu aliyevaa nishani hakimbii, atawaangaliaje wenzake.

Nishani ya mwisho Vuyani aliitengenezea kwao. Juu ya mikono ile miwili aliongeza jina lake halisi, lile ambalo kambini halikutamkwa, na mimi peke yangu nilikuwa nimeambiwa. "Vita vikiisha nitaipeleka nyumbani," aliniambia. "Wajue nilikuwa wapi, na nani alinilisha."

Vita havikuisha mapema. Mwezi wa nne mwaka 1987 malaria ilimpanda kichwani. Nilimkuta zahanati, midomo imekauka, akinitambua na kunipotea. Alipopata fahamu aliitoa nishani chini ya mto, akanifumba vidole juu yake. "Wakija wa kwetu, uwape."

"Nitampa mwenyewe," nikasema.

Mwenyewe nilimjua. Au nilidhani namjua. Sisi Waluguru mtu ni wa lukolo, yaani ukoo wa mama yake. Mwanamume akifa, jina lake na shamba lake humwendea mtoto wa dada yake. Watoto aliowazaa ni wa ukoo wa mama yao. Watalia matanga, watakula, watarudi kwao. Mtoto wa dada yako una hakika naye, damu yake umeiona ikitoka nyumba moja na yako. Ndivyo tulivyokuta, ndivyo tulivyoishi, na mimi sioni aibu kwa hilo. Na Vuyani alikuwa na dada. Kila akizungumzia kwao, alimzungumzia dada: dada aliyefua nguo za wazungu ili yeye asome, dada aliyemficha kwenye pipa polisi walipokuja. Mke hakumtaja. Mtoto hakumtaja. Baadaye sana ndipo niliposikia kwamba wapiganaji walikatazwa kutaja familia zao, jina likiponyoka tu, makaburu wakawafuata wake na watoto huko waliko. Wakati huo sikujua. Nilijua ana dada, na dada huzaa, na mtoto wa dada ndiye atakayekuja.

Aliyekuja kwanza hakuwa yeye.

Ilikuwa mwaka 1998. Kaka yangu Dominiko alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na huo msiba ulikuwa bado una kidonda. Hata arobaini haijafika, watoto wake walikuja asubuhi na mapema wakabeba redio, majembe, mpaka mabati ya banda la mbuzi. Shamba lilikuwa la Raphael wangu, mpwa wa marehemu, ukoo mzima unajua. Tulitukanana mpaka majirani wakatutenganisha. Tangu siku hiyo nikiona mtoto anafuata vitu vya baba yake damu ilinichemka.

Basi mchana mmoja jua likiwa la utosi, namwona msichana mgeni anapanda kwa njia ya mfereji, suruali imejaa vumbi jekundu, nyuma yake dereva wa teksi wa Msamvu aitwaye Oscar anatweta kama mbuzi wa mnada. Walisimama uani. Oscar akasema, "Shikamoo mama. Huyu dada katoka Afrika Kusini. Anamtafuta baba yake, anaitwa Vuyani. Makaburini Mazimbu hakuna jina hilo. Kuna mzee katuambia wewe ulikuwa unauza mboga kambini, labda unamjua."

Yule msichana akanyoosha picha kwa mikono miwili. Kijana amesimama mbele ya nyumba ya mabati, anacheka, kitoto kimekaa begani. Nilimtambua kwa mwanya wa meno kabla sijatazama kitu kingine.

Nitasema ukweli wote, maana sasa hakuna cha kulinda. Kitu cha kwanza nilichosikia hakikuwa mila. Roho iliniuma. Miaka mitano nimecheka na mtu huyu, nimemlilia, kumi na moja mingine nimepalilia kaburi lake, na hakuniona wa kuambiwa kwamba ana mtoto. Ndipo mila ikaja nyuma ya uchungu, ikanipa maneno. Nikajiambia: hao hao. Watoto. Wamekuja kubeba kabla mwenyewe hajafika. Leo redio, kesho nishani.

Nikamrudishia picha. "Simjui," nikasema.

Oscar alitafsiri. Msichana alinitazama, akaigusa picha kwa kidole, akasema kitu. "Anaomba uangalie tena, mama," Oscar akasema. "Anasema baba yake aliondoka yeye akiwa na miaka miwili."

"Nimeangalia. Simjui."

Akainamisha kichwa. Alisema, "Asante, mama," kwa Kiswahili, bila shaka neno alilofundishwa njiani, wakateremka. Nilisimama kwenye uwanja wangu mpaka walipopotea nyuma ya migomba. Na nilijisifu. Hiyo ndiyo sehemu ninayoona aibu kuiandika: jioni ile nilijisifu kwamba mali ya mpwa iko salama. Nilikwenda Mazimbu Jumapili iliyofuata, nikapalilia, nikamwambia Vuyani kaburini asiwe na wasiwasi.

Siku ya kufukua, Mazimbu ilijaa mahema. Bendera za nchi mbili zilipepea, wakubwa wakahutubia, na wimbo wao wa taifa ulipopigwa sisi Watanzania tulijikuta tunaimba maneno yetu kwenye sauti ileile. Sanduku lilikuwa dogo. Nilitegemea jeneza, nikaona kisanduku ambacho ningeweza kukibeba kichwani kama tenga. Hapo nililia, mimi nisiyelia ovyo.

Wakaniita mbele. Wakanipa ngao ya mbao yenye bamba la fedha, limeandikwa jina langu, na kwamba watu wa Afrika Kusini wanamshukuru Bibi Modesta kwa uaminifu wake. Watu wakapiga makofi. Kisha akasogea bwana mmoja mrefu mwenye mvi, akainama kabisa, akasema, "Shikamoo, mama." Alikuwa Luthando. Sikuhitaji kuambiwa, mwanya wa meno ni uleule. Nikamfungulia kitambaa, nikamwekea nishani kiganjani. Akaigeuza, akasoma jina la mjomba wake, mabega yakaanza kumtikisika. Makofi yakawa vigelegele. Nilijisikia mwepesi kuliko nilivyowahi kuwa tangu nizae.

Wakati wa chakula walitukalisha meza moja, mimi, yeye na Raphael wangu. Raphael anafundisha Kiingereza sekondari, kwa hiyo ndiye aliyetutafsiria. Luthando hakugusa wali. Alikuwa anaitazama nishani.

"Anasema, mama," Raphael akaanza, "anakushukuru sana, lakini hii si yake."

"Si yake vipi? Yeye si mtoto wa dada?"

Wakazungumza. Raphael akanigeukia, na nikaona ameanza kuelewa kitu asichokipenda. "Anasema kwao mtu ni wa ukoo wa baba yake. Yeye ukoo wake ni mwingine na wa mjomba ni mwingine. Cha mjomba ni cha mtoto wake. Anasema mjomba alikuwa na binti mmoja, Lindelwa."

Nikaushika ukingo wa meza.

"Anasema Lindelwa alifanya kazi kiwandani miaka miwili apate nauli ya kuja huku. Alikuja mwaka tisini na nane. Alizunguka wiki nzima. Akarudi akasema hakuna mtu Morogoro aliyewahi kumwona baba yake." Luthando akaendelea taratibu, macho yake bado yako kwenye shaba, na Raphael akatafsiri. "Tangu hapo aliacha kumtafuta. Akawa anasema baba hakuwahi kuja huku wala kupigana vita vyovyote. Aliwakimbia tu, akaoa kwingine. Hata mama yake akimtetea, alimwambia anyamaze. Alifariki miaka tisa iliyopita. Alikufa akiamini hivyo."

Kisha Luthando akanitazama kwa upole, ule upole ndio ulionimaliza, akasema jambo fupi. Raphael alitafsiri, "Anasema, laiti angekutana na wewe, mama. Ungemwambia."

Ningeweza kunyamaza. Naandika hivi ili ijulikane kwamba nililifikiria. Ngao ilikuwa mapajani mwangu, jina langu limechongwa, wapiga picha wanazunguka. Hakuna aliyejua isipokuwa dereva mmoja wa teksi ambaye sijui kama yu hai. Nishani ingepanda ndege na mimi ningerudi Towero mtu mwema.

Nikaiweka ngao kwenye kiti kitupu. "Mwambie alikutana na mimi."

Raphael akakunja uso. "Mama?"

"Mwambie alifika nyumbani kwangu. Alinionyesha picha. Nilimtambua baba yake, nikasema simjui."

Akaanza kutafsiri. Kiingereza changu ni cha kuuzia mboga, lakini mwanangu namjua, na niliona sentensi yake ni ndefu kuliko yangu, ina "labda" na "miaka mingi" na "alisahau" ndani yake. Nikapiga kofi mezani. "Usinifunike, Raphael. Sikusahau. Sema kama nilivyosema."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Mwanangu huyu analima shamba la mjomba wake mpaka leo kwa mila hiyohiyo. Akasema kama nilivyosema.

Luthando hakupiga kelele. Heri angepiga. Nilimweleza mila yetu, nikamweleza nilivyokuwa nikimtunzia yeye, yeye mpwa, na kila neno lililotoka lilikuwa la kweli na halikusaidia kitu. Mila yetu ni nzuri kwetu. Sikujiuliza kama na wao ndiyo yao. Nilikula na mtu miaka mitano, tukavaa nishani yake, nikamwita ndugu, na sikuwahi kumuuliza kwenu mtu akifa hurithiwa na nani. Kuuliza kungenigharimu nini?

Sahani zikaondolewa. Kisha Luthando akatoa simu yake. Raphael alinong'ona, "Mama yake Lindelwa yuko hai. Ni mgonjwa, hawezi kusafiri. Anasubiri kuonyeshwa kaburi." Luthando aliongeza kitu, sauti imekauka. "Anasema hawezi kumwambia jambo hili yeye. Anasema mwambie wewe."

Kwenye kioo akatokea mwanamke wa umri wangu, kilemba cheupe, mito mgongoni. Mke wa Vuyani. Alitabasamu aliponiona, akainua mkono dhaifu kunisalimia, kumbe alikuwa ameambiwa kwamba mimi ndiye niliyelinda kaburi. Nikamwita dada. Nikamwambia yote tangu mwanzo: kabichi, nishani, homa, picha, na neno nililolisema uani. Raphael alitafsiri bila kufunika. Tabasamu lilimtoka taratibu usoni. Nilipomaliza alifumba macho kwa muda mrefu mpaka nikadhani simu imekwama.

Nilingoja anilaani. Nilikuwa tayari, ningepokea.

Alipofumbua macho aliuliza kwa sauti ndogo, na Raphael alichelewa kutafsiri. "Anauliza," akasema, "siku ile mtoto wake alipofika kwako, ulimkaribisha ndani? Anasema Lindelwa hakuwahi kumsimulia safari ile, alikataa. Anataka kujua tu kama alikaa mahali, akapumzika. Kama kuna mtu alimpa hata maji."

Kutoka mjini hadi Towero ni kupanda tupu. Jua lilikuwa kali, na mtungi ulikuwa mlangoni, umejaa maji niliyoyateka asubuhi ileile.

"Mwambie hapana," nikasema. "Alisimama uani. Hata maji sikumpa, dada."